SIRI YA MVUTO WA RIWAYA ZA KIJASUSI

Naomba niseme machache kuhusu vitabu ambavyo wengi wetu tunavisoma lakini hatuvitaji mbele ya walimu, yaani riwaya za kijasusi. Nitaeleza ni riwaya za namna gani, hutuvuta vipi hata tukasahau kengele ya kulala, na tunaweza kuchuma nini humo kwa ajili ya insha zetu. Lakini kwanza sina budi kuungama jambo, maana makala haya yalizaliwa na kosa langu mwenyewe.

Muhula wa pili, nikiwa kidato cha tatu, nilipata nakala kuukuu ya The Day of the Jackal, riwaya ya Mwingereza Frederick Forsyth. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwisho zimeshikizwa kwa uzi. Nikawa naisoma wakati wa prepu, kitabu cha historia juu, riwaya chini. Jumanne moja mwalimu aliingia, akapita madawati yote bila kugeuka kushoto wala kulia, akaja moja kwa moja hadi kwangu. Akainua kitabu cha historia, akachukua riwaya, akaenda zake. Hata neno hakusema.

Jamani, amejuaje? Jibu nililipata upesi mno: darasani kuna jasusi! Na ni nani tena kama si jirani yangu wa dawati, aliyekuwa akiniona kila jioni? Nikawaambia wenzangu, nao wakaniamini. Kwa wiki tatu hakuna aliyemkopesha kalamu wala kuketi naye meza moja wakati wa chakula. Tukambandika jina la "Jasusi". Kisa hiki nitakimaliza baadaye. Kwanza tushike somo.

1. JASUSI SI MPELELEZI

Wengi huchanganya riwaya ya upelelezi na riwaya ya kijasusi. Ni ndugu, lakini si pacha. Katika riwaya ya upelelezi uovu umekwisha kutendeka. Mtu keshauawa, na mpelelezi anarudi nyuma kutafuta aliyetenda. Hivyo ndivyo afanyavyo Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mzanzibari Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960. Katika riwaya ya kijasusi, uovu aghalabu bado haujakamilika. Njama inapikwa, saa inakwenda, na jasusi anakimbia mbele aizuie. Tena mpelelezi hushughulikia mauaji ya mtu fulani, ilhali jasusi hushughulikia siri za nchi. Akishindwa, watakaoumia ni wengi. Ndiyo sababu hadithi yake huvuka mipaka, leo yuko mji huu, kesho yuko mji ule na pasipoti nyingine.

Mmoja wa walioipa aina hii umaarufu mkubwa ni Ian Fleming, Mwingereza aliyefanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alimtoa James Bond, 007, katika Casino Royale mwaka 1953. Bond alipata jamaa hadi kwetu. Mwandishi wa Kenya, David Maillu, alituletea Benni Kamba, 009, katika The Equatorial Assignment mwaka 1980.

2. MWISHO TUNAUJUA, LAKINI HATULALI

Turudi kwa kile kitabu changu kilichochukuliwa. Kilitoka mwaka 1971. Kinahusu muuaji wa kukodiwa, asiyejulikana jina lake la kweli, anayelipwa na kundi la OAS amuue Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa mwaka 1963. OAS lilikuwa kundi la kweli, la Wafaransa waliokasirika kwa sababu de Gaulle alikubali Algeria ijitawale. Na ni kweli pia kwamba tarehe 22 Agosti 1962 gari lake lilimiminiwa risasi huko Petit-Clamart, karibu na Paris, akaponea chupuchupu. Forsyth aliyajua mambo hayo kwa karibu, kwani miaka hiyo alikuwa Paris akiandikia shirika la habari la Reuters.

Sasa tazama ajabu. De Gaulle alifariki nyumbani kwake Novemba 1970, kwa maradhi, wala si kwa risasi. Kwa hivyo kila aliyekinunua kitabu hiki mwaka 1971 alijua kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba muuaji atashindwa. Wapo wachapishaji waliokikataa, wakidhani kwamba msomaji akijua mwisho, taharuki itakufa. Walikosea. Kitabu kiliuzwa kote duniani.

Kwa nini? Kwa sababu hatujiulizi "Je, atamuua?" Tunajiuliza "Atazuiwa vipi, na nani, na kwa kuchelewa kiasi gani?" Forsyth anatuonyesha kazi ya muuaji hatua kwa hatua. Tunamwona akipata pasipoti kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyefariki zamani. Tunamwona akiagiza bunduki inayofunguka vipande ili ifichwe katika mkongojo. Kisha tunavushwa upande wa pili kwa Claude Lebel, afisa wa polisi mpole, asiye na makeke, anayemsaka mtu asiye na jina kwa faili na simu. Sisi tunajua asiyoyajua Lebel, na tunajua asiyoyajua muuaji. Unafika mahali unataka kumpigia Lebel kelele: "Keshaipaka gari rangi nyingine!"

Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Taharuki haitokani na kumficha msomaji kila kitu. Hutokana na kumwambia jambo ambalo mhusika bado hajaambiwa. Na bibi zetu walilijua hili kabla ya Forsyth. Sungura anapojifunika majani aende kunywa maji kisimani, sisi tulioketi kando ya moto twajua ni yeye, lakini simba mlinzi hajui. Ndiyo maana mtoto halali.

3. UONGO ULIOPANDWA KATIKA UKWELI

Kwa Kiswahili, bingwa wa uwanja huu alikuwa Elvis Musiba wa Tanzania, na jasusi wake ni Willy Gamba. Katika Kufa na Kupona, iliyotoka mwaka 1974, Gamba anatumwa na mkubwa wake, Chifu, afuatilie nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam, na njia inamleta Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi tunamkuta Kinshasa. Sitaki kuficha kwamba mara ya kwanza nilipomsoma jasusi anayezungumza Kiswahili mjini Nairobi nilishtuka. Kumbe mambo mazito ya dunia yaweza kupita katika barabara ambazo sisi hupandia matatu!

Lakini kwa nini nyaraka za wapigania uhuru? Hapa ndipo historia, kile kitabu nilichokifanya kifuniko, ilipoanza kunifaa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa Addis Ababa mwezi Mei 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam, ikakaa huko hadi 1994. Mji ule ukawa kimbilio la wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na penye sukari hapakosi sisimizi, ukawavuta na majasusi wa maadui zao. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, alifungua kifurushi cha kitabu alicholetewa. Ndani yake mlikuwa na bomu. Akauawa mjini Dar es Salaam.

Basi mtu aliyeisoma Kufa na Kupona mwaka 1974 hakusoma mzaha. Msumbiji ilipata uhuru Juni 1975, Zimbabwe Aprili 1980, Namibia Machi 1990, na Waafrika Kusini wa rangi zote wakapiga kura pamoja Aprili 1994. Siku kitabu kinatoka, hayo yote yalikuwa bado. Msomaji wa Forsyth aliujua mwisho, ilhali msomaji wa Musiba hakuujua. Willy Gamba ni mtu wa kubuni, lakini hofu iliyomtuma safari ilikuwa hofu ya kweli ya watu wa kweli. Hiyo ndiyo siri ya pili: uongo hunawiri ukipandwa katika udongo wa ukweli.

4. SUMU ILIYOMO NDANI YA ASALI

Wako walimu wasemao kwamba riwaya hizi zinaharibu vijana. Zamani ningewabishia. Siku hizi nasema wana haki nusu.

Sumu yake si bastola, maana bastola tutaitoa wapi? Sumu yake ni utamu wa kushuku. Katika riwaya hizi anayecheka nawe ndiye msaliti, na shujaa ni yule anayemgundua mapema. Ukizisoma kumi mfululizo, unaanza kuwatazama watu kwa jicho la pembeni.

Dawa ya sumu hiyo niliipata katika riwaya ya kijasusi vilevile. John le Carré lilikuwa jina la kalamu la David Cornwell, Mwingereza aliyezaliwa 1931 na kufariki 2020. Yeye hakubuni kutoka mbali, kwani alikuwa jasusi kwelikweli. Riwaya yake The Spy Who Came in from the Cold ilitoka 1963, na mandhari yake makuu ni Ujerumani iliyogawanyika, miaka miwili tu baada ya ukuta wa Berlin kujengwa. (Kama hujaisoma na hutaki kujua mwisho, iruke aya inayofuata.)

Alec Leamas, jasusi wa Uingereza aliyechoka, anatumwa ajifanye msaliti ili kumwangamiza Mundt, mkubwa wa majasusi wa Ujerumani Mashariki. Mwishoni anagundua kwamba wakubwa wake wamemdanganya. Mundt ni mtu wao, na kazi yote ilipangwa ili kumwokoa. Anayeangamia ni Fiedler, aliyemshuku Mundt kwa haki. Liz, msichana wa maktaba aliyempenda Leamas, anapigwa risasi ukutani, na Leamas anakataa kuvuka bila yeye. Hakuna medali wala karamu. Le Carré anatuuliza swali moja tu: mkishaucheza mchezo huu, nani atamlipa aliyekanyagwa?

Sasa nimalizie kisa changu. Wiki ya mwisho ya muhula tulirudishiwa insha. Mada ilikuwa "Siku za mwizi ni arobaini", na yangu nilikuwa nimeikabidhi Jumatatu, siku moja kabla ya riwaya kuchukuliwa. Mwizi wangu alikwenda makaburini, akanakili jina la mtoto aliyefariki, akajipatia pasipoti. Nilijiona fundi. Chini ya insha palikuwa na wino mwekundu: "8/20. Mwizi huyu nilikutana naye kabla hujazaliwa. Nimemchukua Jumanne."

Kumbe! Hakuna aliyenichongea. Kalamu yangu mwenyewe ndiyo iliyonisema. Na mwenzangu alikuwa amekula peke yake wiki tatu.

Nilimwendea jioni hiyo bwenini, nikamweleza mbele ya wale wale niliowachochea. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mngeniuliza tu." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Haya ninayaandika kwa ruhusa yake, na hapa pia ninamwomba radhi.

5. FUNZO KWA WAANDISHI WA INSHA

(a) Usimfiche msomaji kila kitu. Mwambie kwamba nyoka yumo kapuni, halafu umwache mhusika atie mkono polepole.

(b) Onyesha kazi. Risasi mia moja hazina uzito wa mkongojo mmoja ulioelezwa vizuri.

(c) Panda uongo wako mahali unapopajua. Si lazima uanzie Paris. Kituo cha mabasi cha kwenu kina siri zake.

(d) Mkumbuke anayeumia. Hadithi isiyo na aliyeumia ni picha ya moto, haichomi.

(e) Usiibe. Mwalimu wako amesoma vitabu vingi kuliko unavyodhani.

Siku ya kufunga shule mwalimu alinirudishia riwaya yangu, akaniwekea na Kufa na Kupona juu yake, nakala aliyokuwa nayo tangu ujana. Akasema nikimaliza niandike makala ya jarida hili. Nimemaliza. Walimu wetu, tafadhali msizihukumu riwaya hizi kwa majalada yake. Nanyi wenzangu, zisomeni, lakini zisomeni likizoni, na mkishuku mtu, kwanza mwulizeni.

MSAMIATI
Taharuki: hali ya msomaji kuwa na hamu na wasiwasi kuhusu litakalotokea.
Njama: mpango wa siri wa kutenda uovu.
Nyaraka: karatasi rasmi zenye habari za kuhifadhiwa.
Kumchongea mtu: kumsema kwa wakubwa ili apate taabu.
Jina la kalamu: jina la kubuni ambalo mwandishi hulitumia vitabuni.

MASWALI
1. Taja tofauti mbili kati ya riwaya ya upelelezi na riwaya ya kijasusi.
2. "Msomaji wa Forsyth aliujua mwisho, ilhali msomaji wa Musiba hakuujua." Fafanua.
3. Andika aya moja ya hadithi ambamo msomaji anajua jambo asilolijua mhusika. Usitumie bastola.