Gari Kutoka Jimbo Jingine: Soma Kibandiko Kabla ya Kulipa

Gari lililotumika Arizona au Nevada huweza kuuzwa kwa bei nafuu kuliko linalofanana nalo hapa California, na kulinunua si kosa. Tatizo huanza pale mnunuzi anapofika Idara ya Magari, ambayo wengi huiita DMV, akaambiwa kwamba gari alilokwisha kulilipia haliwezi kupewa namba za jimbo hili. Katika sura hii tunaeleza mambo ya kuangalia kabla fedha hazijatoka mkononi.

California ilianza kuyawekea magari masharti ya moshi katika miaka ya 1960, kutokana na hewa chafu iliyokuwa ikiifunika Los Angeles. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1967 ililipa jimbo nafasi ya kuwa na viwango vikali kuliko vya taifa. Hivyo basi, yapo magari yaliyothibitishwa kwa California na yapo yaliyothibitishwa kwa viwango vya shirikisho pekee. Kwa nje hayatofautiani. Fungua boneti, utafute kibandiko cha udhibiti wa moshi. Kikieleza kwamba gari linatimiza kanuni za California, hatua ya kwanza umeivuka. Kikitaja shirikisho tu, tazama mita ya maili.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa sheria ya jimbo, gari lenye maili pungufu ya 7,500 siku linaponunuliwa na mkazi wa California huhesabiwa kuwa jipya, hata kama limekwisha kuwa na mmiliki mwingine. Na gari jipya lisilothibitishwa kwa California halisajiliwi. Uzito uko kwenye maneno “siku linaponunuliwa”. Tuchukue mfano wa mkazi wa Los Angeles anayenunua Phoenix gari lenye maili 7,200, kisha akaliendesha zaidi ya maili 350 hadi nyumbani. Mita yake itakuwa imepita 7,500 atakapofika DMV, lakini hati za mauzo zitaonyesha 7,200, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika. Hata akiliendesha mwaka mzima, jibu halibadiliki. Kinachobaki kwa kawaida ni kuliuza nje ya jimbo, pengine kwa hasara. Kwa hiyo gari lililotumika kidogo, ambalo kila mtu angelitamani, ndilo la kuogopwa zaidi. Lile lenye maili 40,000 halina kizuizi hiki, ijapokuwa kibandiko chake ni cha shirikisho.

Sheria ina misamaha michache. Anayehamia California na gari ambalo tayari lilisajiliwa kwa jina lake katika jimbo alikotoka anaruhusiwa kulisajili. Vivyo hivyo aliyerithi gari, au aliyelipata kwa amri ya mahakama katika talaka. Tunashauri ushahidi wa maandishi uwe mkononi kabla ya kwenda dirishani.

Kuvuka kizuizi cha maili hakuondoi ukaguzi wa moshi. Gari la petroli la mwaka 1976 au baadaye, linaposajiliwa jimboni kwa mara ya kwanza, lazima lipimwe. La dizeli ni kuanzia mwaka 1998, isipokuwa malori mazito. Gari la umeme pekee halipimwi. Cheti cha ukaguzi kutoka jimbo jingine hakikubaliki, hata kikiwa cha jana.

Chunguza hasa kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega. Kikiwa kimebadilishwa, kilichofungwa lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa na Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California. Masharti ya sasa yanatumika tangu 2009. Masega yanayokubalika kisheria katika majimbo mengine huweza kuliangusha gari hapa, ingawa injini ni nzima na moshi hauonekani, na kuyabadilisha ni gharama kubwa. Jihadhari pia na betri iliyochomolewa karibuni: kompyuta ya gari hupoteza kumbukumbu zake, na gari huhitaji kuendeshwa siku kadhaa kabla ya kupimika. Wakati mwingine betri huchomolewa makusudi ili taa ya injini izimike.

Usitegemee msaada wa jimbo wa kulipia matengenezo, kwani hautolewi kwa gari linalosajiliwa California kwa mara ya kwanza. Muuzaji akiwa nje ya jimbo, mwombe aandike kwenye mkataba kwamba fedha zitarudishwa endapo gari litakataliwa kusajiliwa. Akikataa, una haki ya kujiuliza kwa nini.

Yanayobaki ni mepesi. Peleka DMV hati ya umiliki, cheti cha moshi na gari lenyewe, ili namba ya chasisi ihakikiwe. Utatozwa kodi ya matumizi, ikipunguzwa kwa kiasi cha kodi uliyolipa kwingine. Mkazi mpya ana siku 20 za kusajili gari lake. Cheti cha moshi kikichelewa, lipa ada za usajili kwa wakati hata hivyo, ili faini isiongezeke wakati gari liko kwa fundi.