MWASHO UMEKWISHA, JE, INI LIMEPONA?

Mwaka huu nimepewa ukurasa wa somo la afya, nami nimechagua jambo lisilozungumzwa sana. Ni ugonjwa wa ini unaowapata baadhi ya wanawake wakiwa wajawazito, na hasa yale yanayoweza kuwafuata miaka mingi baada ya kujifungua. Wavulana, msigeuze ukurasa! Nyinyi pia mna mama, dada na shangazi, na siku moja wengi wenu mtakuwa na wake.

Ini na nyongo

Katika somo la Biolojia tulifunzwa kwamba ini ndilo hutengeneza nyongo. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kila siku hutoa nusu lita hadi lita moja ya nyongo. Nyongo hupita katika vijia vyembamba, nyingine ikawekwa akiba katika mfuko wa nyongo, kisha humwagwa utumboni ili isaidie kusaga mafuta tuliyokula. Ndani yake mna asidi ziitwazo asidi za nyongo. Mahali pake ni utumboni. Zikirudi nyuma na kujaa katika damu, hapo ndipo taabu huanza.

Mwanamke akipata mimba, homoni zake huongezeka sana, na zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Wengi ini lao huvumilia. Lakini kwa wachache, seli za ini hushindwa kuisukuma nyongo inavyotakiwa. Nyongo hukwama, asidi hupanda katika damu, na mama huanza kuwashwa. Madaktari huuita ugonjwa huu kolestasisi ya ujauzito.

Mwasho wenyewe si mchezo. Hushika hasa viganja na nyayo, na huzidi usiku wakati wengine wamelala. Vipele havionekani, ila alama za kucha tu. Hata hivyo tuelewane: si kila mwasho ni ugonjwa huu. Wajawazito wengi huwashwa tumboni kwa sababu ngozi inavutika. Kipimo cha damu ndicho hutoa jibu.

Kipimo hicho kina maana kubwa kwa mtoto pia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha wanawake wa nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba asidi za nyongo zilipofika maikromoli 100 au zaidi kwa lita, watoto kama 3 katika kila 100 walizaliwa wafu. Zilipokuwa chini ya 40, ilikuwa kama mtoto 1 katika kila 1,000. Ndiyo maana mama anayewashwa hivyo hafai kununuliwa mafuta ya kujipaka akaambiwa avumilie. Apelekwe hospitali.

Baada ya kujifungua

Mtoto akizaliwa, homoni hushuka na mwasho huisha baada ya siku au wiki chache. Furaha ya mtoto inaingia na ugonjwa unasahauliwa. Kumbe hapo ndipo somo langu linapoanza.

Shangazi yangu aliwashwa katika mimba zake zote mbili. Katika ile ya kwanza aliambiwa abadilishe sabuni. Miaka sita baada ya mtoto wa pili, akawa anashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia kila anapokula chakula chenye mafuta mengi. Alipopigwa picha ya tumbo, mawe yakaonekana katika mfuko wa nyongo. Daktari akamwuliza, "Mama, uliwahi kuwashwa ulipokuwa mja mzito?" Shangazi alishangaa, maana katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwuliza swali kama hilo. Mimi nami nilipolisikia nikaanza kusoma.

Nilipata kwamba majibu mengi yametoka mbali, nchini Uswidi na Ufini. Kwa nini huko? Uswidi kila mkaazi ana nambari yake ya maisha tangu mwaka 1947, na tangu 1973 kila uzazi huandikwa katika daftari la taifa. Kwa hiyo mtafiti anaweza kumchukua mama aliyejifungua zamani na kuona alilazwa kwa ugonjwa gani miaka 20 baadaye. Wataalamu waliwafuatilia wanawake zaidi ya 11,000 waliokuwa na ugonjwa huu kati ya 1973 na 2009, wakawalinganisha na wengine zaidi ya 110,000 ambao hawakuwa nao. Waliougua walipata magonjwa ya ini na njia za nyongo zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wenzao. Magonjwa hayo ni kama mawe ya nyongo, homa ya ini aina ya C, na makovu ya ini. Saratani ya ini na ya njia za nyongo nayo ilizidi, ijapokuwa waliopatwa nayo walikuwa wachache sana. Matokeo ya Ufini yalikuwa yanaelekea huko huko.

Hapa naomba tutumie Hesabu kidogo, tusije tukatishana bure. "Mara mbili na nusu" si kusema kila mama ataugua. Tuchukue mfano wa kubuni: ikiwa katika wanawake 100 wa kawaida wawili hupata mawe ya nyongo, basi katika 100 waliowahi kuwashwa watapata watano. Waliobaki 95 hawatapata kitu. Wanawake wengi huishi vizuri hadi uzeeni. La muhimu ni kujua kwamba una sababu ya kuliangalia ini lako.

Kwa nini iwe hivyo?

Fikirini mtihani wa majaribio tunaoufanya kabla ya ule wa kitaifa. Mtihani ule hauleti udhaifu, bali huufichua ule uliokuwepo. Mimba nayo hulipa ini mtihani. Wanawake wengine wamerithi seli ambazo milango yake ya kutolea nyongo haifunguki sawasawa, na ndiyo maana ugonjwa huu huonekana kwa mama, binti na dada wa nyumba moja. Wengine tayari walikuwa na ugonjwa uliojificha, kwa mfano homa ya ini aina ya C, na mwasho ukawa ndio dalili ya kwanza. Dalili ya mvua ni mawingu.

Na heri wingu lionekane mapema! Homa ya ini ya aina ya C siku hizi huponywa kwa vidonge, mara nyingi vya wiki 8 hadi 12. Ikigunduliwa ini likiwa tayari limejaa makovu, kazi inakuwa nyingine kabisa.

Mambo ya kufanya

Kwanza, mama apimwe damu tena wiki kadhaa baada ya kujifungua, hata kama mwasho umeisha. Ini likiwa bado halijatulia, daktari atafute ugonjwa mwingine, zikiwemo homa za ini.

Pili, akitaka kupanga uzazi aseme aliwahi kuwashwa. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kuurudisha mwasho kwa baadhi ya wanawake, na kuna njia nyingine za kuchagua.

Tatu, akipata mimba nyingine aseme siku ya kwanza ya kliniki. Ugonjwa huu hurudi mara nyingi.

Nne, azijue dalili za baadaye: maumivu chini ya mbavu za kulia, macho kuwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na choo kilichopauka. Nasi wa Chama cha Kiswahili tukumbuke kwamba macho ya manjano si lazima yawe "homa ya manjano". Hiyo ni homa nyingine, inayoambukizwa na mbu.

Tano, na hili ndilo kubwa, jina la ugonjwa liandikwe katika kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Wengi hukitupa mtoto akimaliza chanjo. Kisitupwe! Hatuna daftari kama la Uswidi la kutukumbushia, kwa hiyo kijitabu kile ndicho kumbukumbu yetu. Daktari hawezi kuunganisha mwasho wa mwaka ule na maumivu ya leo ikiwa hakuna aliyeandika wala aliyesema.

Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Basi likizo hii, kila mmoja wetu amwulize mamake au dadake kwa heshima: je, uliwahi kuwashwa viganja ukiwa mja mzito? Akijibu ndiyo, mwambie apimwe ini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwasho huzidi katika miezi ya mwisho ya mimba?
2. Taja dalili tatu za ini au njia za nyongo kuwa na kasoro.
3. "Mara mbili na nusu" si sawa na "kila mtu". Eleza kwa mfano wako mwenyewe.
4. Kwa nini kijitabu cha kliniki kisitupwe?

Atakayeyajibu yote manne anione katika mkutano wa chama, tuendelee na mjadala. Kwa leo naiweka kalamu chini.