Taji la Majilio Nyumbani

Dominika ya kwanza ya Majilio huangukia kila mwaka kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na kila mwaka huwakuta wengi wetu hatuna habari. Madukani Noeli imekwisha kuanza. Nyimbo za horini zapigwa redioni wakati Misa za Novemba bado zatuombea marehemu. Mtoto akiuliza Majilio ni nini, hujibiwa kwamba ni siku za kabla ya Noeli, basi. Jibu hilo si uongo, lakini ni kama kumwambia mkulima kwamba mwezi wa kungojea mvua ni mwezi usio na mvua. Mkulima ajua kwamba mwezi huo una kazi zake.

Twapenda leo kueleza kazi moja ndogo ya mikono ambayo familia yaweza kuifanya kwa gharama ya mishumaa mitano tu, nayo ni taji la Majilio: duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, ambamo mshumaa mmoja huongezwa kila Dominika mpaka yote minne iwake kabla ya Noeli. Katika makanisa yetu mengi taji hili huonekana karibu na altare. Lakini mahali pake pa asili si kanisani. Lilizaliwa katika nyumba ya watoto, na yafaa lirudi kwa watoto.

Taji hili halikutoka Roma, wala halikuanzwa na Wakatoliki, na hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo. Mchungaji mmoja Mlutheri wa mji wa Hamburg, Ujerumani, jina lake Johann Hinrich Wichern, alifungua mwaka 1833 nyumba ya kulelea watoto maskini walioachwa bila matunzo. Husimuliwa kwamba watoto hao, Majilio yalipofika, walikuwa wakimsumbua kila siku kwa swali lile lile: Noeli ni lini? Mwaka 1839 akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa minne myeupe kwa ajili ya Dominika, na midogo myekundu 20 kwa ajili ya siku nyingine. Kila jioni mmoja ukaongezwa, na watoto wakaweza kuhesabu wenyewe. Majani mabichi yalikuja baadaye, na mishumaa ikapunguzwa ikabaki minne, maana si kila nyumba ina nafasi ya gurudumu la mkokoteni. Katika karne ya 20 Wakatoliki wa Ujerumani nao wakalipokea. Mwaka 2001 Idara ya Ibada ya Vatikano, katika mwongozo wake juu ya ibada za watu, ililitaja taji hili miongoni mwa desturi njema za Majilio katika nyumba za Wakristo.

Basi, wako watakaosema: hiyo ni desturi ya Wazungu, yatuhusu nini? Neno hilo si la kupuuzwa. Huko Hamburg mwezi wa Desemba jua hutua kama saa kumi jioni, miti imepukutika, na kila kitu ni baridi na giza. Mwenye kuwasha mshumaa huko hahitaji kuelezwa maana yake. Kwetu, kusini mwa ikweta, Desemba ndio mwezi wenye mchana mrefu kupita yote, ingawa tofauti ni ndogo. Kwa hiyo tusiwaambie watoto habari za theluji na giza la kaskazini, mambo wasiyoyajua. Tuwaambie habari za mbegu. Iringa, Songea na Mbeya, wakati wa Majilio mahindi yamo ardhini au ndiyo kwanza yachomoza, na nyumba nzima yatazama mawingu. Hapo kungojea si neno la katekisimu tu. Tena usiku wetu, mwezi wowote, una saa zake kumi na mbili, na mshumaa mmoja mezani waonekana vizuri.

Hata kazi yenyewe si ngeni. Kila msichana aliyepata kubeba ndoo ya maji kichwani ajua kusokota kata, ambayo wengine huiita ngata. Shina la taji si kitu kingine ila kata kubwa. Twaa majani makavu ya mgomba, au nyasi ndefu, yasokote pamoja yawe mnene kama mkono wa mtu mzima, yapinde yawe duara lenye upana wa sentimeta 40 hivi kutoka ukingo hadi ukingo, kisha yafunge kwa kamba ya mgomba au ya ukindu. Asiyekuwa na migomba atumie fito laini zilizopindwa, au matete. Waya si lazima. Tumepata kuona mataji ya plastiki yanayouzwa mjini kwa bei ya kumlisha mtu siku kadhaa, yenye majani yasiyonyauka na taa zisizochoma. Hatusemi ni dhambi kuyanunua, lakini mtoto hapati la kufanya isipokuwa kutazama.

Juu ya kata hiyo huchomekwa majani mabichi. Pwani iko mivinje. Mufindi na Lushoto iko misonobari. Nyanda za juu nyingi zina misaipresi kandokando ya shule na misheni. Lakini sisi twapenda zaidi masale. Ndugu zetu Wachagga wajua kwamba sale si pambo. Hupandwa mpakani mwa kihamba, na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale kuomba msamaha. Naye apelekewaye aona uzito kulikataa. Je, liko jani lifaalo zaidi kwa Majilio, kipindi ambacho kasula ya padre ni ya zambarau na Yohane Mbatizaji atuita tutubu? Kama katika nyumba kuna ndugu wawili wasiosemezana, sale lililo kwenye taji lawakumbusha kila jioni bila mtu kufungua kinywa. Mwenye kulielewa na alichomoe ampelekee mwenzake. Taji halitaharibika kwa kupungukiwa jani moja.

Tahadhari moja ya maana: watoto wasitumwe kukata mnyaa wa ua, ijapokuwa ni mbichi mwaka mzima. Utomvu wake ukiingia machoni huyaunguza vibaya.

Mishumaa mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi, kwa kufuata rangi za kasula. Mishumaa ya rangi hiyo haipatikani kila duka, nayo haina haja ya kutafutwa kwa nauli. Chukueni mishumaa myeupe ya kawaida, ile iwashwayo umeme ukikatika, mkaifunge chini kwa utepe wa kitambaa. Hesabu yake ni hii: Majilio huwa na siku 22 mpaka 28. Mshumaa wa kwanza, ukiwashwa robo saa kila jioni kwa siku 28, utakuwa umewaka saa 7 kamili. Kwa hiyo mshumaa mwembamba hautafika mwisho, na ndiyo sababu tumesema mitano. Wa nne, katika mwaka ambao Dominika ya nne yaangukia tarehe 24 Desemba, huwaka jioni moja tu. Msiisawazishe kwa kisu. Mtoto asiyejua kusoma ataona kwa urefu wa mishumaa siku zilivyopita.

Ili isimame wima, tumieni vikombe vidogo vya udongo wa mfinyanzi, au vipande vinne vya shina la mgomba vyenye tundu katikati. Shina la mgomba lina maji mengi, halishiki moto kwa urahisi. Majani hubadilishwa kila Jumamosi, na kazi hiyo wapewe watoto. Yakikauka ni hatari. Taji zima likae juu ya sinia lenye mchanga, mbali na pazia, mbali na chandarua, na katika nyumba ya makuti au nyasi lisininginizwe kamwe. Ndoo ya maji iwe karibu. Mtu mzima awepo tangu kuwasha mpaka kuzima, na mishumaa izimwe kabla ya mtu yeyote kwenda kulala.

Kuhusu sala hatutaki kuandika mengi, maana nyumba ikipewa maagizo mengi hufanya siku mbili ikachoka. Jumamosi jioni au Dominika yenyewe, baba au mama hulibariki taji kwa sala fupi ya maneno yake mwenyewe na ishara ya msalaba. Kisha kila jioni mshumaa huwashwa, husomwa mistari michache ya Injili ya Dominika, Baba Yetu, Salamu Maria, wimbo mmoja. Dominika ya kwanza Injili yatuamuru tukeshe. Ya pili na ya tatu twamsikia Yohane Mbatizaji. Ya nne twasikia habari za Bikira Maria, au za Mtakatifu Yosefu. Mshumaa wa waridi ni wa Dominika ya tatu, iitwayo Gaudete kwa Kilatini, yaani furahini. Wengine huiita mishumaa hiyo kwa majina, wa Manabii, wa Betlehemu, wa Wachungaji, wa Malaika. Kanisa halikuweka sheria juu ya majina hayo; ayapendaye na ayatumie.

Katika nyumba nyingi juma la kwanza huwasha mtoto mdogo kabisa, la pili mtoto mkubwa, la tatu mama, la nne baba. Hapa twajua kwamba tumegusa kidonda. Katika nyumba ngapi baba hayupo? Yuko mgodini, yuko barabarani na lori, yuko kazini mkoa mwingine, au amekufa, au ameondoka tu. Wako kina mama waliotuambia kwamba sala ya familia iliacha kusaliwa siku ile baba alipoondoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiianza. Tunawaambia wazi: taji halingojei baba. Mshumaa wa nne na uwashwe na mama, au na bibi, au na kijana mkubwa. Mkono wowote utakaouwasha kwa imani watosha. Na baba aliye mbali kwa ajili ya kazi, mwenye simu kiunoni, aulizwe: je, saa mbili ya usiku ni ngumu kukumbukwa? Akipiga wakati mshumaa wawaka, akasema Baba Yetu pamoja nao mpaka mwisho, amewasha.

Usiku wa tarehe 24 baadhi ya familia huweka mshumaa mweupe katikati, ishara ya Kristo aliyezaliwa, nao huuwasha kila siku ya kipindi cha Noeli. Kipindi hicho kikiisha, majani makavu yatupwe shimoni na vipande vya mgomba wapewe mbuzi. Vishina vya masale visitupwe. Vichomekeni ardhini kando ya nyumba, mvua ingali ikinyesha. Huota upesi, na Majilio yajayo majani yatapatikana hapo hapo mlangoni.