Tusitoe vitabu chakavu, tukabakisha tuvipendavyo



Tulipokuwa tunajiandaa kuhamia nyumba ndogo, nililazimika kupunguza vitabu. Nikavigawa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la vitabu vilivyonyofoka kurasa, vya kiada vya mtaala uliokwishabadilishwa na juzuu zilizoliwa na mchwa. Juu ya boksi hilo nikaandika: "Madrasa." La pili lilikuwa la vile nisivyotaka kuachana navyo.

Juu kabisa ya fungu hili la pili niliweka "Qurani Takatifu", tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri hiyo ilitoka ikiwa kamili mwaka 1969. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameijaza alama za penseli pembeni mwa kurasa, na kwa sababu hiyo niliipenda zaidi.

Mke wangu alilitazama lile boksi, akaniuliza: "Baba watoto, hivi madrasa tunaipelekea vitabu au takataka?"

Swali hilo lilinichoma. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 267, tunakatazwa kuchagua kilicho kibaya ndicho tukitoe, kitu ambacho sisi wenyewe tungepewa tungekipokea kwa shingo upande. Na Surat Al-Imran, aya ya 92, inafungamanisha wema wa kweli na kutoa katika tuvipendavyo. Aya hiyo iliposhuka, swahaba Abu Talha (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akaitoa bustani yake ya Bairuhaa, mali aliyoipenda kuliko zote. Mtume (s.a.w.) akamshauri awape jamaa zake wa karibu.

Basi nikalifungua upya lile boksi. Vilivyofaa kukarabatiwa nikavipeleka kwa fundi wa kujalidi. Kurasa zenye aya zilizokuwa hazisomeki tena nikazizika mahali safi, kwani si adabu kuzitupa jalalani. Wapo pia wanaozichoma kwa heshima, wakifuata alivyofanya Khalifa Uthman (r.a.) kwa nakala zilizokuwa nje ya msahafu aliousambaza.

Ikabaki tafsiri. Nafsi ikanambia: "Hii ni kumbukumbu." Lakini vumbi lililokuwa juu yake lilinisuta. Ninayo mpwa wangu anayesomesha darsa ya akina mama baada ya Alasiri, naye huazima tafsiri kila wiki. Nikampa. Sitaki kujisifu, usiku ule nililitazama kabati mara mbili tatu.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu: "Mjomba, mbona Surat Yusuf yote ina alama pembeni? Aliyeziweka alikusudia nini?" Sikuwa na jibu. Nilikaa na kitabu kile miaka mingi nikizipenda alama zile, wala sikuwahi kuzifuata nikasoma zilipoelekeza.

Ndugu msomaji, leo ukipanga kabati lako, usiulize tu kipi kimechakaa. Uliza kipi unakipenda na hukisomi, kisha utazame ni nani katika jamaa zako anakihitaji.

Wabillahi tawfiiq.