Darasa la Awali Huamuliwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Makazi yanapopanuka katika kata kama Malolo wilayani Kilosa, miongoni mwa mahitaji ya mwanzo ya kaya changa ni mahali pa kusomea watoto wadogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka 1, na kiwango kinachokusudiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25.

Mara nyingi wananchi huinua boma hadi usawa wa lenta, kisha Halmashauri huezeka na kukamilisha. Utaratibu huo una maana kubwa: siku mabati yanapofika, mambo yanayoamua kama darasa litakuwa na hewa au litakuwa tanuri yamekwisha kujengwa ukutani.

La kwanza ni mwelekeo. Malolo ipo takribani nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo adhuhuri jua hupita juu, bali asubuhi na alasiri hupiga kuta kwa ubavu. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Zile fupi, zisizo na madirisha makubwa, zipokee jua la macheo na la machweo. Madirisha yakabiliane ili upepo upite darasani.

La pili ni paa. Bati tupu huchemsha hewa iliyo chini yake, na mvua inaponyesha humeza sauti ya mwalimu. Mbunifu Mick Pearce alijifunza kutokana na vichuguu vya mchwa alipobuni jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996: hewa ya joto hupanda ikatokea juu, na ya baridi huingia chini. Kijijini Gando, Burkina Faso, Francis Kéré alijenga shule ya msingi kwa matofali ya udongo, akaweka dari ya udongo na kuliinua bati juu yake ili upepo upite katikati. Shule hiyo ilikamilika mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Kwa darasa la kawaida, dari, matundu ya hewa chini ya paa na upenu mpana hufuata kanuni ileile.

La tatu ni mti. Huko Tachikawa, Japani, shule ya awali ya Fuji, iliyokamilika mwaka 2007, ilijengwa kuizunguka miti iliyokuwapo, hata vigogo vikapenya paa. Si lazima kufika huko. Yatosha kuuacha mwembe uliopo na kuchimba msingi nje ya mizizi yake mikubwa. Mti unaokatwa asubuhi moja ili kusafisha kiwanja hurudi baada ya miaka mingi, na watoto wa leo hawataufaidi.

La nne ni kimo. Kizingiti cha dirisha kikiwa sentimita 60 kutoka sakafuni, mtoto aliyeketi huona bustani na mawingu. Ngazi ziwe fupi, na tundu la choo liwe dogo.

Kwa hiyo, kamati ya ujenzi imwalike mhandisi wa Halmashauri siku ya kupima kiwanja, wala isingoje siku ya kuezeka. Mtoto wa miaka 4 hahudhurii mkutano wa kijiji, na boma lililokosewa mwelekeo halinyooshwi kwa bati jipya.