MALANGO YA MAJI YA SEATTLE

Mji wa Seattle, ulio magharibi ya Marekani, umekaa kati ya maji ya chumvi ya bahari na Ziwa Washington, ambalo maji yake ni matamu. Ziwa hilo liko juu kuliko bahari; kwa hiyo kuchimba mfereji peke yake kusingefaa, maana maji ya ziwa yangeteremka baharini. Hiram M. Chittenden, mhandisi wa jeshi, alishauri vijengwe vyumba vya saruji vyenye malango. Kazi ilianza mwaka 1911, na mfereji ukafunguliwa rasmi tarehe 4 Julai 1917.

Chumba kikubwa kina urefu wa futi 825 na upana wa futi 80. Meli itokayo baharini huingia, na lango la nyuma hufungwa. Ndipo maji ya upande wa juu huachiliwa yapite katika njia zilizomo ndani ya kuta, yakaiinua meli taratibu. Maji yakiisha kulingana, lango la mbele hufunguliwa. Meli huinuliwa futi 6 mpaka 26, kwa kadiri ya maji kujaa na kupwa. Pampu haitumiki, maji hujiteremkia yenyewe. Mabawa mawili ya kila lango hukutana kwa pembe iliyoelekea ziwani, hata maji yanaposukuma, lango huzidi kubana.

Lakini kila lifunguliwapo, maji ya chumvi huingia. Kwa kuwa ni mazito, hutambaa chini kuelekea ziwani, na yakizidi huharibu maji matamu. Kwa hiyo lilichimbwa shimo nyuma ya chumba ili yatuame humo, kisha yarudishwe baharini kwa bomba.

Faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1916 ziwa lilishushwa karibu futi 9 lilingane na mfereji. Mto Black, uliokuwa ukitoka ziwani upande wa kusini, ukakauka. Watu wa kabila la Duwamish, waliokaa kando yake tangu zamani na kuvua samaki humo, wakapoteza mto wao.

Hivyo yeyote apimaye maji ya mfereji mpya hana budi kupima pia maji ya wale wakaao chini ya mto.