Alikuassume, au alikupuuza?

Mdogo wangu, sogea hapa kidogo. Leo nataka tuzungumzie neno moja la Kiingereza, "assume", maana liliwahi kuniliza.

Nilikuwa na miezi miwili kazini Nairobi. Nikaandika ripoti kuhusu mteja niliyemsalimia mara mbili asiniitikie: "The customer assumed me." Bosi wangu, Mwingereza, akaizungushia sentensi ile duara kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Alidhani wewe ni nani?" Niliitazama karatasi mpaka macho yakaniwasha. Sikuona kosa. Kwetu Kenya si ndivyo tunavyosema? Nimempungia mkono, akaniassume. Yaani kajifanya hajaniona.

Mtaani inaeleweka, wala sikwambii uiache ukiwa na wenzako. Lakini Mwingereza kwa maana hiyo husema "ignore". Kwenye mtihani na barua ya kazi, andika hilo.

"Assume" chimbuko lake ni Kilatini, na maana yake ya awali ni kuchukua. Hapo Kiswahili kinakubeba, kwa sababu nasi husema: "Nilichukulia kwamba umekula." Hukuuliza, hukuona sahani; umechukua tu. Ukiishika picha hiyo ya kuchukua, matumizi mengine hayakupi tabu. Rais anayeapishwa "assumes office", anachukua madaraka. Anayejificha nyuma ya jina lisilo lake ana "assumed name", jina alilojitwalia.

Nduguye ni "presume". Huyu naye hudhani, ila mara nyingi ana dalili za kuegemea. Mwaka 1871 kule Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwanahabari Stanley alipomfikia mmisionari Livingstone, kwa masimulizi yake mwenyewe, alimsalimu kwa neno hilohilo: "Dr. Livingstone, I presume?" Alikuwa amemtafuta kwa miezi, na sasa mbele yake amesimama mzee Mzungu. Hakubahatisha. Mahakamani vilevile, mshtakiwa "is presumed innocent", huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

Jambo la mwisho, na hili naliona sana kwenye ujumbe mnaonionyesha kabla ya kuutuma. Mwenye nyumba hajajibu, nawe unamwandikia: "I assume you received the rent." Kwa msomaji, hiyo inaweza kusikika kama unamsuta. Umemtumia pesa na unataka kujua kama zimefika, basi muulize: "Have you received the rent?"